Kabla Hujamwalika Mgeni Kutoa Mhadhara Kwenye Darasa la Watu Wazima

Tangu muhula huu uanze, malalamiko kuhusu wahadhiri waalikwa yamezidi. Mengine yanatoka kwa wanakisomo, mengine kwa wageni wenyewe. Naamini wote wanaotuletea wageni wana nia njema: mwenyekiti wa darasa amemsikia mtaalamu mahali, akavutiwa, akataka wenzake nao wafaidike. Hilo tunalipenda. Tatizo ni mgeni kupigiwa simu Jumatatu azungumze Jumatano, na ofisi kupata habari pale anapofika getini akiuliza ukumbi uko wapi.

Utaratibu ni huu. Mwaliko huanza na ombi la maandishi la mwalimu wa darasa, si ujumbe kwenye kundi la simu. Ombi litaje mada, jina la mgeni na kazi yake, siku, muda, na somo ambalo mhadhara utalikoleza. Lifike kwa mratibu wa taaluma siku 21 kabla. Mratibu hulipeleka kwa mkuu wa taasisi, na likiidhinishwa, barua rasmi hutoka ofisini ikiwa na kumbukumbu namba, sahihi na muhuri. Nakala moja hubaki masjala, nyingine huenda kwa mhasibu, kwa sababu barua hiyo ndiyo msingi wa hati ya malipo ya nauli na ya mhadhara. Pasipo barua hakuna hati, na pasipo hati mhasibu hatoi fedha, hata kama mkuu mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele akisikiliza. Anayemwahidi mgeni malipo bila idhini, deni ni lake. Akirudia, hupewa onyo la maandishi linaloingia kwenye jalada lake. Mara ya tatu, darasa lake halialiki mgeni muhula mzima.

Naomba tuache kuita jambo hili urasimu. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na kwa kawaida kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuusoma mwongozo. Siku 21 si za kugonga mihuri. Ni za kumwandaa mgeni, na hapo ndipo mihadhara mingi inapoharibikia.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la jioni, mgeni akiwa mhandisi wa pampu za maji, bingwa kweli wa kazi yake. Alikuja na slaidi zilezile anazowafundishia vijana wa chuo kikuu, akaanza kueleza pampu ni nini. Mstari wa pili alikaa mama mmoja, grisi ikiwa bado kwenye kucha zake, ambaye kazi yake ya kila siku ni kufungua pampu na kuzitengeneza. Alinyoosha mkono mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa maswali ni mwishoni. Mara ya pili muda ulikuwa umekwisha. Alifunga daftari bila kuandika hata mstari mmoja. Simlaumu mhandisi. Hakuna aliyemwambia anakwenda kukutana na nani.

Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeieneza dhana ya andragojia, yaani taaluma ya kuwafundisha watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima hutaka kwanza kujua kwa nini ajifunze jambo, na kwamba uzoefu wake ni hazina ya darasa zima. Ndiyo maana barua yetu huambatana na ukurasa mmoja unaomweleza mgeni idadi ya wanakisomo, kazi wanazofanya, walichokwisha kusoma, na maswali matatu yaliyokusanywa kwao. Tena kipindi kikiwa cha dakika 90, mgeni anazungumza 40 tu. Zinazobaki ni za darasa. Wapo wageni wanaokataa sharti hili, nasi huwashukuru na kuwaaga.

Wala si jambo jipya. Katika miaka ya 1860 James Stuart wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa akiwafundisha wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, elimu ya nyota. Siku moja, akiwa na haraka, alimwomba mtunza ukumbi aiache michoro yake ukutani hadi juma lililofuata. Aliporudi alikuta wafanyakazi wameshaijadili na wanamsubiri na maswali, akakutana nao kabla ya mhadhara. Tangu hapo majadiliano yakawa sehemu ya kazi yake, na mwaka 1873 Cambridge ikaanzisha rasmi mihadhara kwa watu wasio wanafunzi wake.

Kuhusu kurekodi, kuwapo ukumbini hakukupi haki ya kuusambaza mhadhara. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886, kwa sura yake ya sasa unataja mihadhara miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mgeni hujaza fomu ya ridhaa kabla ya kuanza, akichagua sauti, picha, vyote au hapana. Akikataa, simu zinawekwa mfukoni. Anayerekodi kwa siri huitwa kamati ya nidhamu.

Mgeni hauzi bidhaa wala haombi kura. Hili halina mjadala.

Akimaliza, chati na michoro yake ibaki ukutani hadi kipindi kinachofuata. Wahudumu wa ukumbi wameshaelekezwa wasiibandue.