Kifurushi kikubwa hakivuki ukuta
Imani hii ni ya miaka: waifai ikisuasua chumbani, ongeza kifurushi cha intaneti. Watu wanahama kutoka kasi ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde) kwenda 40, na video kitandani bado inakwama. Inaniuma, maana hiyo ni pesa ya nyumba. Kifurushi huamua kasi inayofika kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani. Kutoka hapo ni mawimbi ya redio, na ukuta wa tofali za saruji, nguzo yenye nondo, kioo kikubwa au friji huyapunguza nguvu. Pima kasi ukiwa kando ya ruta, kisha chumbani. Kama kando ni nzuri ila chumbani ni mbaya, toa ruta nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati, katikati ya nyumba. Chumba cha mbali kitumie mawimbi ya ruta ya masafa ya 2.4 GHz; ya 5 GHz yana kasi zaidi, ila ukuta huyadhoofisha zaidi.