Kicheche uani: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kicheche, yule mnyama mdogo wa usiku anayejihami kwa harufu kali, akishapita hahitaji mpiga mbiu. Mtaa mzima unajua, na kabla chai haijachemka kila mtu ana dawa yake: mwaga mafuta ya taa, choma pilipili, ziba shimo, tega sumu. Nyingi ya dawa hizo hazimwondoi, na moja au mbili zinaweza kuleta msiba nyumbani kwako. Sisi wa Mtwara na Lindi, wenye kuku, mbwa na mikorosho hadi mlangoni, tuna sababu ya kuzipitia.

"Ni skanki, fuata zile video za Wamarekani"

Skanki hawapo Afrika. Ni wa mabara ya Amerika, na ndugu zao wa karibu wako Indonesia na Ufilipino. Kicheche wetu ni wa ukoo mmoja na nyegere na fisi maji. Ni mdogo, kwa kawaida hafiki hata kilo moja na nusu, mweusi mwenye mistari minne myeupe mgongoni na mkia wa manyoya marefu. Tabia ndizo zinazofanana: hutembea usiku, peke yake, huchimbua wadudu, na hujihami kwa harufu. Kwa hiyo mashauri ya kusafisha uwanja na kuziba matundu yanafaa hata huku kwetu. Yale ya kununua mkojo wa mbweha dukani tuwaachie wenyewe.

Anayesingiziwa ukicheche mara nyingi ni fungo. Huyo ni mnyama wa kilo 10 na zaidi, mwenye madoa ubavuni na utepe mweusi machoni. Hujisaidia mahali pamoja kila siku mpaka panakuwa na lundo lililojaa mbegu za matunda. Ukilikuta lundo hilo nyuma ya nyumba, usimhesabie kicheche.

"Anajamba"

Hapana. Ni majimaji yenye mafuta, yanatoka kwenye tezi mbili kando ya tundu la haja kubwa, ndiyo maana yanang'ang'ania kwenye nguo na manyoya ya mbwa. Wala hayatumii ovyo. Kwanza huonya: manyoya yanasimama, mkia juu, anakugeuzia makalio huku akikoroma. Ukiyaona hayo, mwite mbwa wako na urudi nyuma taratibu. Akizidiwa kabisa hujilaza kama mfu, na kijana anayemwinua kwa mkia ili awaonyeshe wenzake ndiye atakayelala nje usiku huo.

"Kuku akipotea, mwizi ni kicheche"

Hapa ndipo anapoonewa zaidi. Chakula chake kikubwa ni wadudu na panya, na nyoka akimpata. Mayai na vifaranga anakula, tusimtakase, lakini kuku mkubwa aliyelala juu ya kichanja si saizi yake, na kupanda si fani yake. Angalia mazingira ya tukio. Kuku kachukuliwa mchana? Mtafute mwewe au nguchiro. Mayai yametoweka mchana kweupe, inawezekana ni kenge. Usiku, na mwizi kapitia juu kwenye makuti? Huyo ni kanu au paka shume. Kicheche huingia chini, kwenye pengo kati ya banzi na ardhi, au hufukua kidogo kando ya ukuta wa banda. Udongo uliofukuliwa mbichi utauona asubuhi.

Kwa hiyo dawa iko chini ya banda. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 hivi kuzunguka banda, shusha wavu wa waya humo, ukunje ncha yake ielekee nje, kisha fukia na kupanga mawe. Matundu ya wavu yawe madogo, sentimita mbili na nusu au chini ya hapo. Ukiwa pwani, Mikindani au Kilwa, ukague kila mwaka, maana hewa ya chumvi inaula waya upande ule usiouona. Vifaranga walale kwenye tenga lenye mfuniko, ndani ya banda, na mayai yaokotwe jioni. Banda la namna hiyo linawazuia nguchiro na paka pia, jambo ambalo kumuua kicheche mmoja haliwezi.

"Anakuja kwa sababu ya kuku"

Mara nyingi anafuata kitu kingine. Msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya mikorosho, na kila nyumba inayokamua uraka, pombe ya mabibo, inamwaga machicha karibu na jiko. Wadudu na funza wanajaa humo. Ongeza vichwa vya samaki vilivyotupwa shimoni bila kufukiwa, pumba iliyoachwa chini, na panya wanaofuata mahindi na mihogo mikavu ghalani: meza imeandaliwa. Machicha yapeleke mbali shambani au yafukie, mabaki ya samaki yafukie siku hiyohiyo, bakuli la mbwa liingie ndani usiku. Rundo la kuni na matofali nalo lisikae kwenye ukuta wa nyumba, kwani ndilo anapopenda kujificha mchana.

Ukishafanya hayo na bado ukamwona anapita usiku pembeni mwa shamba, mimi ningemwacha apite. Anakula panya bila kukudai posho.

"Mafuta ya taa, salfa na pilipili vinamfukuza"

Vinamkera usiku mmoja au miwili, kisha vinapungua nguvu au mvua inavisafisha. Salfa ile ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga ibaki kwenye mikorosho. Uani inawasha macho ya watoto tu. Mafuta ya taa yanaharibu udongo na ni hatari kwa moto.

"Amelala shimoni mchana, ziba kwa mawe"

Ukiziba akiwa ndani, atafukua atokee kwingine, pengine chini ya msingi wa nyumba yako. Na kama ni jike mwenye watoto waliozaliwa vipofu, watakufa humo na utaipata harufu mbaya kuliko ile uliyoikimbia.

Jihakikishie kwanza. Jioni tandaza majivu ya jikoni mbele ya tundu, yasawazishe kwa mkono, na uchomeke konzi ya nyasi kavu mlangoni bila kukaza. Asubuhi yasome: kucha ndefu za miguu ya mbele huacha vidoti mbele ya kila alama, na mwelekeo utakuonyesha kama alitoka au aliingia. Majivu yakikaa usiku mitatu bila alama na nyasi hazijasogezwa, ziba kwa wavu na mawe. Ukisikia vilio vyembamba ndani, subiri watoto wakue na watoke na mama yao.

"Tega sumu, yaishe"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nyama iliyopakwa dawa ya shambani haichagui mlaji. Mbwa wa jirani, bundi, kuku wako mwenyewe, na mtoto anayetambaa wote wanaweza kuigusa. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujiwindia bila kibali, wala kutumia sumu. Kumkamata na kumhamishia pori la mbali nako hakusaidii: yeye hajui maji wala mashimo ya huko, na uwanja wako ukibaki na panya atakuja mwingine. Akikwama ndani ya nyumba, fungua mlango wa nje, zima taa, funga mbwa na mwache atoke usiku. Ikishindikana, mwone afisa wanyamapori wa wilaya.

"Ametumwa"

Alifuata mende.

"Akionekana mchana ana kichaa"

Si lazima, huenda amefukuzwa shimoni. Lakini mnyama anayeyumba, asiyeogopa watu au anayeng'ata hovyo mkae mbali naye, awe kicheche au yeyote. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 walikuta zaidi ya nusu ya wanyama waliougua ni mbwa wa nyumbani, na kama asilimia 40 ni mbweha. Basi chanjo ya mbwa wako ndiyo kinga ya kwanza. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuchanjwa. Usingoje uone kama mnyama atakufa.

"Mwogeshe mbwa kwa nyanya"

Nyanya hufunika tu, na pua yako nayo inachoka kunusa. Mchanganyiko unaojulikana kwa harufu ya skanki ulitolewa mwaka 1993 na mkemia Mmarekani, Paul Krebaum: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, robo kikombe cha bikaboneti ya kuumulia maandazi, na kijiko cha chai kimoja au viwili vya sabuni ya maji. Harufu ya kicheche nayo inatokana na kemikali za salfa, hivyo inafaa kuujaribu. Usikosee ukaweka kostiki ya kutengenezea sabuni, itamchuna ngozi. Mpake mbwa ungali unatoa povu, uepushe na macho, subiri dakika tano, suuza. Unaobaki umwage. Ukiufungia kwenye chupa, gesi yake inaipasua.