Mizeituni ya Van Gogh haikuchorwa na wazimu

Katika picha za mizeituni za mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, mashina yamejipinda, ardhi inakwenda mawimbi, na watu husema: hapa Van Gogh alikuwa amerukwa na akili. Si kweli, na ni kumdhulumu.

Ni kweli kwamba mwaka 1889 alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Lakini ugonjwa ulipompanda, mara nyingi hakuweza kuchora. Shambulio la Julai lilimkalisha wiki kadhaa bila kazi. Mizeituni aliichora akili ikiwa imetulia. Alimwandikia mdogo wake Theo jinsi majani yake yanavyobadilika: mara rangi ya fedha, mara buluu, mara kijani. Huyo ni mtu anayetazama kwa makini. Na mzeituni mkongwe hujipinda kweli, hakuubuni.

Kinachonigusa zaidi ni panzi. Mwaka 2017 makumbusho ya sanaa ya Nelson-Atkins, Kansas City, Marekani, yalitangaza kwamba mhifadhi wake, akiipitia picha moja ya mizeituni hiyo kwa hadubini, alikuta mabaki ya panzi mdogo yamenasa kwenye rangi. Van Gogh alikuwa nje shambani, upepo ukivuma, miti yenyewe ikiwa mbele ya macho yake.