Blatten si kama wengi wanavyoisimulia

Tangu tarehe 28 Mei 2025, mlima ulipoporomoka na kukifukia, kijiji cha Blatten, katika jimbo la Valais huko Uswisi, kimesimuliwa sana, na mengi yanayosimuliwa yamepinda. Nianze na lile linaloniuma zaidi.

"Mlima uliwaangukia watu wakiwa hawana habari." Sivyo. Maporomoko yalikuja saa tisa alasiri na ushei, na nyumba zilikuwa tupu. Kufikia Mei 19 wakazi wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa pamoja na mifugo yao. Hata ng'ombe aliyeumia alibebwa kwa helikopta. Mtu mmoja alifariki. Wasingekuwapo waliokuwa wakiupima mlima ule siku baada ya siku, tungekuwa tunawalilia mamia.

"Ni barafu iliyeyuka kwa joto, basi." Hiyo ni nusu ya habari. Juu ya kijiji kuna kilele cha Kleines Nesthorn, na chini ya kilele hicho palikuwa na barafuto ya Birch, yaani barafu nene inayoteremka polepole. Miamba ilimeguka kileleni kwa siku kadhaa ikarundikana juu ya barafu, hadi barafu ikaelemewa na vyote vikaporomoka pamoja. Tena barafuto nyingi za Uswisi zinarudi nyuma, lakini hii ilikuwa ikisonga mbele. Joto lina sehemu yake: katika milima mirefu ya Alpi, barafu iliyo ndani ya nyufa hushika mawe kama saruji, na ikiyeyuka mawe hulegea.

"Blatten imefutika yote." Karibu asilimia 90 ya kijiji chenyewe ilifukiwa. Kifusi kikauziba mto Lonza, likatokea ziwa lililozimeza nyingi ya nyumba zilizosalia. Lakini vitongoji vya Weissenried na Eisten vilinusurika.

"Valais ni jimbo la Kifaransa, kwa hiyo na watu wa Blatten husema Kifaransa." Upande wa magharibi wa jimbo ndio husema Kifaransa. Bonde la Lötschental, lenye vijiji vya Ferden, Kippel, Wiler na Blatten, husema lahaja ya Kijerumani. Lilikuwa bonde la wafugaji, limejitenga, mpaka reli ya Lötschberg ilipofika mlangoni pake mwaka 1913. Hadi leo, kabla ya Kwaresima, Tschäggättä, yaani watu waliojigeuza viumbe vya kutisha, hupita njiani wamevaa ngozi za kondoo na mbuzi na vinyago vya mbao.

Na ukiitafuta kwenye ramani, angalia vizuri: jimboni humohumo kuna Blatten nyingine, karibu na Naters. Hiyo haikuguswa.