PS3 ikigoma kusasishwa, usikimbilie kufuta diski

PlayStation 3 (PS3), mashine ya gemu ya Sony, iliingia sokoni mwaka 2006, na hata mwaka 2024 kampuni hiyo bado iliitolea sasisho la programu endeshi. Kwa hiyo mashine ikikwama katikati ya sasisho, usiitupe. Nyingi tunazoletewa hazijafa.

Intaneti ikiyumba, achana nayo, tumia flashi. Lazima iwe imefomatiwa kwa FAT32, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili, na hapa ndipo wengi wanapokwama: PS3 haisomi mifumo mingine kama NTFS wala exFAT, na flashi mpya kubwa nyingi huuzwa zikiwa exFAT. Ile ndogo ya gigabaiti 4 au 8 inatosha kabisa, maana faili la sasisho unalopakua kwa kompyuta ni kama megabaiti 200. Tengeneza folda iitwayo PS3, ndani yake UPDATE, kisha weka humo faili hilo, PS3UPDAT.PUP, yote kwa herufi kubwa. Ukilipakua mara ya pili, kompyuta hulipachika jina PS3UPDAT (1).PUP, na mashine itakwambia hakuna sasisho. Futa hiyo (1).

Isipowaka kawaida, ingia hali salama (safe mode), yaani menyu ya matengenezo. Taa ikiwa nyekundu, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka mashine iwake na kuzima. Achia, bonyeza tena na ushikilie mpaka usikie milio miwili ya harakaharaka. Unganisha pedi kwa waya wa USB, ubonyeze kitufe cha PS.

Kwenye orodha itakayotokea, namba 6 ndiyo sasisho. Ikigoma, jaribu namba 3, inayokarabati mfumo wa mafaili, halafu 4, inayopanga upya kumbukumbu. Nawasihi sana: namba 5 iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu inafuta kila kitu, pamoja na gemu mlizohifadhi kwa miaka. Sasisho likianza, umeme usikatike. Kama kwenu hukatika ovyo, chomeka mashine kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika.

Wakati mwingine kosa si lako. Juni 2013 Sony iliondoa toleo 4.45 baada ya kukwamisha mashine za wateja, kisha ikatoa 4.46.

Hatua zote zikishindikana, shuku diski kuu. Ni ya kawaida ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, kama ya laptopu, na unaweza kuibadilisha mwenyewe. Diski mpya haina kitu, hivyo mashine itaomba sasisho palepale. Flashi yako iwe tayari.