Deki ya bei kubwa haikuongezei sauti

Wiki iliyopita niliitwa Tabata. Mzee mmoja mstaafu amenunua deki ya tatu ya Blu-ray ndani ya miaka miwili. Kila mara anapanda bei, na kila mara muuzaji anamwambia hii sasa ndiyo yenye sauti. Nimemaliza kumwamkia tu, akaniuliza: "Fundi, mbona sauti ni ileile? Nimepigwa?"

Hii ya "deki ghali ina sauti tamu" nimeisikia Kariakoo, nimeisikia Sinza, nimeisikia kwa mafundi wenzangu ambao walipaswa kujua. Nimechoka kuijibia mlangoni kwa watu, ndiyo maana naiandika.

Ukiichomeka deki kwa HDMI kwenye risiva, ile amplifaya inayosukuma spika zote, na kwenye menyu yake ukachagua sauti itoke kwa bitistrimu, kazi yake ni kusoma namba zilizo kwenye diski na kuzipitisha kama zilivyo. Anayefungua Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, fomati za sauti kamili za Blu-ray, ni risiva. Anayegeuza namba kuwa umeme wa kusukuma spika ni risiva huyohuyo. Fomati hizo mbili hazipunguzi chochote: kilichofungwa studio ndicho kinachofunguka sebuleni. Deki ya bei mara tatu itauongeza wapi huo utamu? Na namba zikipotea njiani husikii sauti "kavu" wala "nyembamba". Unasikia inakatakata, au kimya.

Nikavuta kabati la mzee nione nyuma. Deki imeingia kwenye TV kwa HDMI, na kutoka TV waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga mwekundu, umekwenda kwenye risiva. Kioo cha risiva kimeandika PCM, yaani sauti ya namba ambayo tayari imefunguliwa, na alama za spika zinazowaka ni mbili, kulia na kushoto. Spika za nyuma ya kochi zilikuwa na utando wa buibui.

Waya wa optiko haubebi TrueHD wala DTS-HD. Unabeba PCM ya stereo, Dolby Digital na DTS ya kawaida, basi. Tena TV nyingi zikipokea sauti ya deki huishusha iwe stereo kabla ya kuitoa. ARC ya kawaida, ile njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka TV kwenda risiva, nayo haiwezi TrueHD wala DTS-HD Master Audio, mpaka toleo lake jipya, eARC. Nikachomoa. Deki nikaipeleka moja kwa moja kwenye risiva, risiva ikaenda kwenye TV. Spika zote zikaamka, ila kioo kikaandika DTS. HD haipo. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapofunga begi na kudai hela yake.

Kwenye menyu ya sauti ya deki kuna kipengele cha kuchanganya sauti ya filamu na sauti za pembeni, kama maelezo ya mwongozaji na milio ya menyu. Kwenye deki za Sony kinaitwa BD Audio MIX. Kikiwa kimewashwa, deki inaifungua sauti yenyewe, inachanganya, halafu inaifunga upya kwa Dolby Digital au DTS ya kawaida. Yaani umelipia diski yenye sauti kamili, unasikiliza iliyokamuliwa, na unalaumu mashine. Nikakizima. Kioo kikaandika DTS-HD MSTR. Mzee akarudisha nyuma kipande cha mvua mara tatu, mara ya mwisho akamwita mjukuu kutoka jikoni aje asikie radi inavyopita juu ya kochi.

Kisha nikamwomba ile deki yake ya kwanza, ya bei ya chini, iliyokuwa chini ya kitanda. Nikaiweka palepale, waya uleule, kipengele kilekile nikakizima. Kioo kikaandika maneno yaleyale na radi ikapita palepale. Mzee alikaa kimya muda mrefu.

Kuna mahali deki yenyewe inahusika, sikatai. Ukitoa sauti kwa waya wa RCA, mwekundu na mweupe, kwenda kwenye amplifaya ya kizamani, hapo anayegeuza namba kuwa sauti ni deki. Lakini hata hapo nina wasiwasi na masikio yangu. Niliwahi kuapa kwamba deki moja inaishinda nyingine kwa mbali, kumbe ilikuwa inatoa sauti ya juu kidogo. Nilipozisawazisha kwa mita, sehemu kubwa ya tofauti niliyoiapia ilipotea. Iliyobaki, mpaka leo sina hakika kama ni deki au ni hamu yangu.

Na picha? DVD ya PAL, mfumo wa picha unaotumika kwetu, ina nukta 720 kwa 576. Skrini ya 4K ina 3840 kwa 2160, mara 20 kamili. Kwa hiyo deki inayosema "inageuza DVD kuwa 4K" ina nukta moja ya kweli, kumi na tisa inakisia. TV yako nayo inajua kukisia. Mimi hujaribu zote mbili kila nyumba, na majibu hayafanani, kwa hiyo siwezi kukuapia ipi itashinda kwako. Zile sidii za filamu ishirini kwenye diski moja ziache, hapo hakuna cha kuokoa.

Hela ya deki lipia inachoweza kusoma. Diski na deki hufungwa kwa maeneo ya dunia yanayoitwa kanda: DVD zetu ni kanda namba 5, Blu-ray ni kanda B. Ndugu akikuletea deki kutoka Marekani itakuja na kanda 1 na A, na kufuli la kanda la DVD mara nyingi linafunguka kwa rimoti, la Blu-ray linasumbua. Diski za Blu-ray za 4K hazina kanda kabisa. Soma mgongoni pia: ikiandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza siku ya kwanza. Una SACD, zile diski za muziki zenye ubora kuliko CD? Sony UBP-X800M2 inazisoma, na DVD-Audio, zile DVD za muziki, pia. Na uliza lenzi ya akiba, kwa sababu Oppo waliacha kutengeneza deki 2018, na LG nao wakaacha za Blu-ray 2024.

Mzee ameshaniambia deki ya tatu anaiuza. Hela tumekubaliana iende kwenye spika ya katikati, maana maneno ya waigizaji karibu yote hupita hapo, na ya kwake karatasi imechanika.