Sarafu ya agora 10 haina ramani ya siri

Kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka tena picha ya sarafu ya Israeli ya agora 10, ikidaiwa kwamba umbo lililo nyuma ya kinara cha matawi saba ni ramani ya nchi itakayoanzia Mto Nile hadi Frati.

Si ramani. Ni ukingo wa sarafu ya kale ya shaba, yenye kinara hichohicho, iliyotolewa na mfalme wa mwisho wa Wahasmonea, ukoo wa Kiyahudi uliotawala Yudea, kati ya mwaka 40 na 37 kabla ya Kristo. Enzi hizo sarafu ziligongwa kwa nyundo, kingo zikatoka zimepindapinda, kisha zikalika kwa karne nyingi. Tafuta picha ya sarafu hiyo ya kale uilinganishe. Itazame pia sarafu ya Israeli ya leo ya shekeli 1: yungiyungi lake na neno "Yehud" (jina la Yudea enzi za Waajemi), kwa herufi za Kiebrania cha kale, navyo vimetoka kwenye sarafu ya enzi hizo.

Ugomvi wa ardhi kule ni wa kweli na unauma, ndiyo maana ukingo uliochongoka unaonekana haraka kama mpaka. Tafadhali, ukiletewa picha hiyo usiisambaze; mweleze kwa upole aliyekutumia.